Giza Tatu

Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi zangu yule mama aliponyoosha mkono.

Ilikuwa Juni 2024, mwaloni Katonga, Kigoma, na ziwa lilikuwa limefungwa. Anayeijua Katonga anajua kwamba siku za kawaida unaisikia kabla hujaiona. Siku hiyo nilisikia mawimbi tu. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, taa zimevuliwa, chanja za kuanikia dagaa ziko tupu na mbuzi wamejilaza chini yake kufuata kivuli. Harufu tu ndiyo iliyobaki, imeshika kwenye miti ya chanja.

Nilikuwa nimeombwa kuwaeleza wafanyabiashara wa dagaa, wengi wao wanawake, kwa nini uvuvi wa Ziwa Tanganyika umesimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikachora mstari unaopanda kama mgongo wa kilima, unafika kileleni, unashuka. Ukivua kidogo sana, nikasema, unapata kidogo. Ukivua kupita kiasi, unapata kidogo vilevile. Sisi tumeshavuka kilele. Tukipumzika, tutarudi kule juu.

"Mwanangu, nimekuelewa," yule mama akasema. "Hiyo miezi yako mitatu sisi tunaihesabu giza tatu. Samaki wapumzike giza tatu, sawa. Lakini mkopeshaji wa kausha damu hahesabu giza. Anahesabu wiki. Ziwa likifunguliwa nitakuwa na rejesho la wiki kumi na tatu juu ya kichwa changu. Sasa hilo deni, hapo ukutani, umelichora wapi?"

Nilimjibu kitu. Sikumbuki nilisema nini, na sidhani kama kilistahili kukumbukwa.

Swali lile nililala nalo kwa wiki kadhaa.

Mgongo wa kilima

Grafu ile nimeichora mara nyingi. Nimewachorea wanafunzi, madiwani, maofisa mipango. Msingi wake ni hesabu ambayo Milner Schaefer aliichapisha mwaka 1954 kwa ajili ya uvuvi wa Bahari ya Pasifiki, na hadi leo mtu yeyote anayesomea usimamizi wa uvuvi hukutana nayo mapema.

Nitaieleza kwa namba za mfano, ambazo nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Chukua ziwa ambalo likiachwa bila kuguswa lina samaki 100. Iwe tani au maelfu ya tani, si hoja. Chukua kasi ya kuongezeka ya 2 kwa mwaka. Nguvu ya uvuvi, yaani jumla ya usiku, taa na nyavu zinazotumika, ikiwa 1, samaki wanatulia kwenye 50 na mavuno ya mwaka ni 50. Hicho ndicho kilele. Nguvu ikipanda hadi 1.6, samaki wanaobaki majini ni 20, na mavuno ni 32. Umetoka usiku mwingi zaidi, umechoma mafuta zaidi, umerudi na pungufu.

Sasa funga miezi mitatu. Wale 20 wanapanda hadi 29 hivi. Fungua, vua kwa nguvu ileile ya 1.6, na baada ya miezi tisa bado wako 26. Funga tena mwaka unaofuata, na unaofuata. Baada ya miaka kadhaa wastani wa samaki majini unafika 40, na mavuno ya mwaka yanakaribia 48.

Kutoka 32 hadi karibu 48, kwa kupumzika robo ya mwaka.

Nilipoonyesha namba hizi pale Katonga, watu waliinamisha vichwa kukubali. Hata mimi nilikuwa nakubali. Ndiyo maana swali la yule mama lilinikaa vibaya: sikuona kosa mahali popote, na bado nilijua amegusa penye kidonda.

Nikaanza kutafuta kosa. Nikalitafuta kwanza mahali nilipozoea kutafuta.

Dagaa hana shida ya kuzaa

Labda kasi ya kuongezeka nimeikadiria juu mno? Hapana. Dagaa wa Tanganyika anaishi mwaka mmoja na ushei, na anaanza kuzaa kabla hajafikisha miezi sita. Samaki wa namna hiyo anarudi haraka.

Na kuna ushahidi ambao hauhitaji grafu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lumbu, yule ndugu wa dagaa ambaye wanasayansi wanamwita *Limnothrissa miodon*, alichukuliwa Tanganyika akapelekwa Ziwa Kivu. Leo ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanamla kila siku na kumwita sambaza, na ukimwambia mtoto wa kule kwamba sambaza ni mgeni, anaweza asikuamini. Miaka ya 1967 na 1968 akapelekwa bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, akazalisha uvuvi mzima wa kapenta, kama anavyoitwa kule. Mbegu zilizosafirishwa kutoka Tanganyika zikajaza maziwa.

Kwa hiyo upande wa dagaa hesabu ilisimama.

Kuna jambo moja lililonisimamisha kidogo, nalo ni migebuka. Migebuka anakula dagaa, na sisi tunavua wote wawili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza uvuvi katika Bahari ya Adria ulipungua sana, na Umberto D'Ancona alipokagua rekodi za masoko ya samaki ya kule aliona kwamba papa na samaki aitwaye taa, yaani walaji, waliongezeka fungu lao kuliko samaki wadogo wanaoliwa. Alimpelekea swali Vito Volterra, mwanahisabati ambaye alikuja kuwa baba mkwe wake, na mwaka 1926 Volterra akatoa milinganyo inayoonyesha kwamba uvuvi ukipungua, anayefaidi zaidi ni mlaji. Ukiisoma ukiwa Kigoma, inakuambia kwamba ziwa likipumzika huenda migebuka akanenepa kuliko dagaa. Mwenye boti anaweza asijali, maana migebuka ana bei nzuri. Mama anayeanika dagaa atajali. Hao wawili kwenye grafu yangu walikuwa mstari mmoja.

Niliandika hilo pembeni. Lakini halikuwa jibu la swali la deni.

Kikomo kinachotembea

Nikahamia kwenye ile 100, kikomo cha ziwa. Vitabu hukiita K.

Aliyekileta ni Pierre-François Verhulst, Mbelgiji, mwaka 1838. Hakuwa anafikiria samaki. Alikuwa anafikiria watu, akimjibu Malthus, aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kuzidishana. Verhulst akasema idadi ya watu hupanda kwa kasi, kisha hupunguza mwendo kadiri inavyokaribia kikomo. Mwaka 1845 akakadiria kikomo cha Wabelgiji kuwa milioni 6.6. Leo Ubelgiji ina watu zaidi ya milioni 11.

Mlinganyo wake haukuwa na kosa la hesabu. Kikomo ndicho kilichohama, kwa viwanda, biashara na dawa ambazo yeye hakuwa ameziona.

(Mara nyingi nimejiuliza inamaanisha nini kwamba hesabu tunayoitumia kupima ziwa hili ilizaliwa katika nchi ambayo baadaye ilikuja kutawala pwani zake mbili, ya Kongo na ya Burundi. Sina la kusema zaidi ya kwamba nalikumbuka kila ninapoandika herufi ile.)

Kikomo cha Tanganyika nacho kinahama, ila kinashuka. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na maji ya chini hayana hewa. Chakula cha mimea midogo ya majini kimelala huko chini. Kinapanda pale upepo wa kusi unapovuma, kuanzia Mei hadi Septemba, ukasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi yakainuka kuchukua nafasi yake. Wazee wa Kigoma wanakuambia dagaa wanafuata upepo. Wako sahihi kabisa. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule unashindwa kuyakoroga. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* kwamba uzalishaji wa mimea ya majini huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaashiria pungufu ya asilimia 30 hivi katika samaki. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, kwa kusoma matope ya sakafu ya ziwa, wakaonyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza.

Hilo la pili lilinigusa. Tumezoea kuwaambia wavuvi: mmemaliza samaki. Sehemu ya samaki hao ilikwenda na joto ambalo wavuvi wa Katonga hawakulileta.

Nikarudia hesabu kwa kikomo cha 80 badala ya 100. Kwa nguvu ya 1.6 mwaka mzima, mavuno yanashuka kutoka 32 hadi kati ya 25 na 26. Kwa kufunga miezi mitatu kila mwaka, yanafika 38. Kufunga bado kunalipa. Ziwa maskini linahitaji mapumziko kama ziwa tajiri.

Hesabu ilisimama tena. Mimi sikusimama.

Tumekuwa wengi

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni hili: tumekuwa wengi. Nililiamini. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo nchi inakuwa mara mbili kwa miaka 22 hivi. Ni rahisi kuchora mstari wa watu unaopanda na mstari wa samaki unaoshuka, ukavikutanisha, ukakaa chini.

Kisha nikaangalia mkoa wangu. Kigoma tulikuwa 2,127,930 mwaka 2012. Mwaka 2022 tulikuwa 2,470,967. Piga hesabu: ni kama asilimia 1.5 kwa mwaka, chini ya nusu ya kasi ya taifa.

Nilikaa nayo namba hiyo jioni nzima. Mkoa unaolaumiwa kwa kulimaliza ziwa unaongezeka polepole kuliko nchi. Vijana wetu wanaondoka. Nawajua kwa majina: wako Dar, wako Mwanza, wako Katavi kwenye mpunga. Lakini dagaa nao wanaondoka. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo ziwa hili halijawahi kulisha Kigoma peke yake. Gunia la dagaa linalopakiwa hapa linaliwa Kariakoo. Anayeongezeka kwa asilimia 3.2 ni mlaji, na mlaji hayuko Katonga kwenye mkutano wangu.

Wala ziwa si la Kigoma peke yake. Kongo ina asilimia 45 ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa ziwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao Bujumbura. Dagaa wanavuka mpaka usiku kucha bila kuulizwa hati. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba kufunga kwa pamoja ni jambo jema, na lilichelewa. Sijawahi kulipinga na silipingi leo.

Ila hakuna mkataba wa nchi nne unaotaja rejesho la wiki.

Theluthi

Usiku mmoja, kama wiki ya tatu, nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kwenda Katonga.

Katika hesabu yangu niliandika: fungua, vua kwa nguvu *ileile* ya 1.6. Nililiandika neno hilo bila kulifikiria. Ndilo lilikuwa limebeba kila kitu.

Nikauliza: nguvu ya uvuvi ikizidi katika ile miezi tisa iliyo wazi, izidi kiasi gani hadi faida yote ya kufunga ipotee?

Jibu ni rahisi kiasi kwamba niliona aibu. Gawanya 1.6 kwa robo tatu. Inakuja 2.13.

Theluthi moja tu.

Wavuvi wakiongeza nguvu kwa theluthi moja katika miezi tisa, wastani wa mwaka unarudi 1.6 kamili. Samaki wanarudi kwenye wastani wa 20. Mavuno yanarudi palepale, au pungufu kidogo. Miezi mitatu ya njaa inakuwa imenunua hewa.

Na theluthi ni kitu gani mwaloni? Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala na watoto wao. Ndiyo maana wanahesabu kwa giza. Ziwa limekuwa likifungwa kila mwezi tangu zamani, likifungwa na mwezi wenyewe, bila tangazo. Mtu akianza kutoka na usiku wa mbalamwezi, hata kwa kupata kidogo, tayari ameongeza siku. Akiongeza taa, ameongeza nguvu. Akirefusha wavu, ameongeza. Theluthi si mbali. Theluthi iko pale mlangoni, inasubiri sababu ya kuingia.

Sababu ni deni.

Yule mama hakuniuliza swali la huruma. Aliniuliza swali la hesabu, tena lile hasa ambalo matokeo yote yanalitegemea. Mimi nililisikia kama malalamiko, kwa sababu limetoka kwa mwanamke mwenye kanga begani na halikuwa na herufi za Kigiriki.

Kijitabu

Nilirudi Katonga Septemba, ziwa likiwa wazi. Nilimkuta kwenye chanja zake, anageuza dagaa kwa viganja. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kujibu swali lake, na kwamba jibu ni kuwa sikulichora popote, na ndipo kosa lilipo.

Hakucheka wala hakunisifia. Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kijitabu cha marejesho.

Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu hadi katikati ya Mei, kila Jumatano. Kisha kuna kurasa ambazo kila Jumatano ina duara jekundu. Kisha, kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti, kalamu ya bluu inarudi, na namba zimekuwa kubwa.

"Hapa," akasema, akiweka kidole kwenye bluu ya Agosti, "nilimwambia tajiri wa boti nitachukua ndoo zote atakazoleta, hata zile ndogondogo. Naye ana deni lake la injini. Vijana wake wana madeni ya unga wa ugali. Usiku wa mbalamwezi ule wa kwanza walitoka. Mwanangu, mimi sijaona watu wa hapa wakitoka mbalamwezi kwa wingi ule."

Nikamuuliza ingekuwaje kama rejesho lingesimama zile wiki kumi na tatu, bila riba kupanda.

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ningewaambia waniletee wakubwa," akasema.

Sitaki kujifanya kwamba kijitabu kimoja ni utafiti. Lakini nataka kusema wazi kile ninachokiamini sasa, kwa sababu nitaenda kukisema kwenye vikao ambako nilikuwa nachora kilima tu. Kabla ya kutangaza tarehe ya kufunga, tukae na wanaokopesha mwaloni, vikoba na wale wa kausha damu wote, na rejesho lisimame pamoja na nyavu. Leseni na idadi ya taa kwa kila chombo ziwekewe ukomo kabla ya siku ya kufungua, si baada yake. Na usiku wa mbalamwezi uandikwe kwenye kanuni kama mapumziko, maana wavuvi wenyewe walikuwa wakiutunza zamani kabla yetu. Sehemu kubwa ya gharama hizi inaonekana kama mambo ya ustawi wa jamii, na ofisa wa bajeti atasema yapelekwe idara nyingine. Nitamwonyesha ile 2.13.

Kwenye faili langu la hesabu nimeongeza safu mpya, kando ya samaki na nguvu ya uvuvi. Nimeandika juu yake: *rejesho la wiki*. Kwa sasa ina namba za mtu mmoja, alizoniruhusu kunakili bila kutaja jina lake. Nimezungumza na wanawake wengine sita wa mwalo uleule, na wawili wamekubali.

Jumatano ijayo ndiyo siku yao ya kulipa. Nimeomba nikae nao.